Sanduku la Maswali: Kukarabati Ukumbi wa Marais Wanaosema

Toleo lililopita tulieleza namna Hall of Presidents, ukumbi wa sanamu za marais wa Marekani katika bustani ya burudani ya Magic Kingdom huko Florida, unavyofanya kazi: viunzi vya chuma vilivyovikwa ngozi ya mpira na nguo halisi, vikisogezwa na mafuta, hewa au mota kwa amri ya kompyuta. Sanamu za aina hiyo tuliziita animatroniki, na tutaendelea kuziita hivyo. Barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja: kitu cha zamani kama kile kinafanyiwaje ukarabati? Hizi hapa baadhi, na majibu ya meza yetu ya ufundi.

SWALI: Rais mpya akiapishwa, wanabadilisha nini hasa pale ukumbini? Ni kichwa tu? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

Kichwa ndicho kinachopigwa picha, ila muda mwingi unaliwa na vitu vingine.

Ukumbi ulifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ukiwa na sanamu 36. Richard Nixon, aliyekuwa madarakani wakati huo, alikuwa rais wa 37, lakini Grover Cleveland alitawala vipindi viwili visivyofuatana, hivyo anahesabiwa mara mbili na sanamu yake ni moja. Kwa miaka 22 ya mwanzo aliyehutubia ni Lincoln peke yake. Mwaka 1993 Bill Clinton akawa rais wa kwanza kusikika humo kwa sauti yake mwenyewe akiwa bado madarakani, na tangu hapo kila anayeingia hurekodiwa. Sauti ya Obama ilichukuliwa Ikulu Machi 2009 na ukumbi ukafunguliwa 4 Julai mwaka huohuo. Onyesho la Trump lilifunguliwa Desemba 2017, la Biden Agosti 2021. Kutoka kiapo cha Januari, basi, ni kati ya miezi mitano na kumi na moja.

Kazi huanza na sauti, kwa sababu mdomo, shingo na mikono vyote vinaifuata. Wakati sauti inatafutwa, mchongaji anafinyanga uso wa udongo kutokana na picha za pande zote. Kwa Lincoln walikuwa na bahati isiyo ya kawaida: mwaka 1860 Leonard Volk alichukua umbo la uso wake kwa plasta akiwa hai, na mchongaji Blaine Gibson akalitumia umbo hilo alipotengeneza Lincoln wa maonyesho ya New York ya 1964. Kosa la wachongaji wageni katika kazi hii ni kuchonga uso unaotabasamu ili ufanane na picha za kampeni. Ngozi iliyomwagwa katika tabasamu haifungi mdomo vizuri; inavutika pembeni na kufanya mikunjo shavuni kila herufi ya M inapokuja. Uso huchongwa ukiwa umetulia, midomo imeachana kidogo, na tabasamu linaachiwa mitambo.

Fundi cherehani naye ana lake. Suti ya mtu hukatwa mikono ikiwa imeshuka. Ya sanamu hukatwa mkono ukiwa umefika mwisho wa mwendo wake, la sivyo ukiinuliwa kola inapanda hadi masikioni. Mshono wa mgongoni unafunguka kwa zipu, kusudi fundi afikie vali (milango midogo ya kupitishia mafuta) bila kuvua koti. Bitana lazima liteleze, kwa kuwa nguo huanza kuchakaa kwa ndani, kwenye kiwiko cha chuma, na tundu likionekana nje ujue bitana lilikwisha zamani.

Kisha inakuja jukwaa, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Rais aliyetoka hawezi kubaki mbele, anarudishwa kundini. Kila sanamu imefungwa kwa bolti juu ya tundu lake, ambamo nyaya na mipira ya mafuta hupitia. Ukimsogeza mmoja mita moja, unahitaji tundu jipya, mipira mirefu zaidi (na mpira mrefu unachelewesha mwendo, kwa hiyo programu yake ya zamani haimfai tena), taa zinazolengwa upya, na mtu wa kukaa viti vya pembeni kabisa kuangalia kama hajamziba jirani yake.

Mwaka 2025 ulileta jambo la kuchekesha. Trump ni rais wa 45 na wa 47, sawa na Cleveland aliyekuwa wa 22 na wa 24. Orodha imeongezeka namba, watu hawakuongezeka: marais 47, sanamu 45. Hata hivyo ukumbi ulifungwa Januari 2025, maana mtu akiwa yuleyule bado nafasi yake jukwaani na mpangilio wa onyesho vinadai kazi.

SWALI: Nasikia siku hizi wanaondoa mafuta na kuweka mota za umeme. Mimi natengeneza mitambo ya haidroliki, na sijaona mota inayoshindana na silinda kwa nguvu. Kwa nini wanabadilisha? – Fundi, Mwanza

Kwa nguvu uko sahihi, fundi mwenzetu. Silinda ndogo ya mafuta inainua mwili mzima wa Lincoln kutoka kitini kwa utulivu ambao mota ya ukubwa huo haiwezi. Tatizo ni kila kitu kinachoambatana nayo.

Sili, yaani pete za mpira zinazozuia mafuta, zikichakaa mafuta yanavuja, na hayaonekani yanapotokea. Yanafuata kiunzi, yanapita ndani ya suruali na kutokea gotini au kwenye kiatu, ilhali kilichokufa ni sili ya bega. Dawa yake ni rangi inayong'aa kwenye mafuta na tochi ya mwanga wa urujuanimno. Bila hivyo utabadilisha sili za goti mara tatu bure. Pili ni uchafu. Njia za ndani za vali-sevo, yaani vali zinazopima mafuta kwa amri ya umeme, ni nyembamba mno, na kawaida huwekewa chujio la kati ya mikroni 3 na 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu una takriban 70. Chembe ikikwama, mkono unatetemeka au unakimbilia mwisho wa mwendo wake na kubaki hapo. Tatu ni hewa ndani ya mafuta: mwendo unakuwa laini kama sponji, sanamu inapita kidogo ilipotakiwa kusimama kisha inarudi. Nne ni mafuta ya baridi asubuhi, ndiyo maana pampu huwashwa mapema kabla ya wageni na sanamu zote kuzungushwa viungo.

Umeme hauvuji, na unasimama palepale ulipoambiwa. Lakini mota inatoa joto karibu na ngozi ya silikoni, gia zake zikilegea kichwa kinatikisika, na katika ukumbi ulio kimya kelele yake inasikika. Lincoln mpya aliyewekwa Disneyland, California, Desemba 2009 alipewa kichwa cha umeme, na kwa maoni yetu huo ndio mpangilio wa busara: uso unataka miendo mingi midogo yenye usahihi, haudai nguvu. Tungeanza na kichwa, tufuate mikono, na tuache nyonga na miguu mwisho kabisa. Mota inayobeba uzito wa mwili ni lazima iwe na breki inayoshika yenyewe umeme ukikatika, vinginevyo rais anakaa chini ghafla mbele ya watu.

Ukichanganya mifumo miwili kuna mtego. Mota inaitika mara moja, vali na silinda vinachelewa. Tuseme kuchelewa ni milisekunde 80. Katika programu ya fremu 30 kwa sekunde (fremu ni hatua moja ya mwendo) hizo ni zaidi ya fremu mbili. Kichwa kinageuka, bega linafuata baadaye, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua nini. Usijaribu kuharakisha bega. Pima ucheleweshaji wa kila kiungo, kisha sogeza amri zake mbele kwenye programu kwa kiasi hichohicho.

Na kabla hujakata waya hata mmoja, rekodi. Onyesho zima kwa kamera tatu, sanamu ikiwa imevaa na ikiwa uchi. Shinikizo la kila mstari. Mwanzo na mwisho wa kila kiungo kwa digrii. Na nakala mbili za data za zamani. Watu wengi huvua kwanza, kisha wanagundua kwamba ule mwendo wa mkono uliopendwa kwa miaka 40 hauko kwenye faili lolote, ulikuwa umerekebishwa kwa bisibisi kwenye vali.

Ukibadilisha kompyuta ya kuongoza, angalia ukubwa wa namba. Chaneli (njia ya kupeleka amri) ya biti 8 ina hatua 256. Mkono unaozunguka digrii 120 unapata hatua za karibu nusu digrii, na kwenye ncha ya kidole iliyo sentimita 70 kutoka begani kila hatua ni kama milimita 6. Mwendo wa polepole utaonekana unaruka-ruka. Tumia chaneli mbili kwa kiungo kimoja, yaani biti 16, kwa bega, kiwiko na shingo. Taya na kope zinaridhika na biti 8.

SWALI: Sanamu ikitafsiriwa kwa Kiswahili, mdomo utafuata? Katuni zetu nyingi midomo inakwenda na lugha nyingine. – Msomaji, Kisauni, Mombasa

Utafuata ukipangwa upya. Mikono na kichwa unaweza kuviacha kama vilivyo, mradi mtafsiri akate sentensi ili pumzi iangukie palipo na ishara ya mkono.

Kiswahili kina tabia mbili zinazowashinda wapangaji waliozoea Kiingereza. Kwanza, silabi zetu karibu zote huishia na irabu. Ukifungua taya kwa kila silabi, sanamu inaonekana inatafuna miraa. Mtu anayesema kwa kasi ya kawaida hutoa silabi tano hadi saba kwa sekunde. Kwa fremu 30 hiyo ni fremu tano hivi kwa kila moja, na taya la mitambo halifiki wazi kabisa na kurudi kwa muda huo. Fungua kwa upana kwenye silabi yenye mkazo tu, ile ya pili kutoka mwisho, na kwingine acha taya lipungue kidogo bila kufunga.

Pili, M, B na P zimejaa, na hizo hazisameheki. Midomo isipogusana, jicho linakamata uongo hapohapo. Chukua "Mabibi na mabwana, karibuni". Kuna kufunga midomo mara sita, na kufungua kwa upana mara tatu: kwenye *bi* ya kwanza, *bwa* na *bu*. Panga hizo tisa, sikiliza, na utakuta sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Midomo ifunge fremu moja au mbili kabla ya sauti. F na V zinahitaji mdomo wa chini uguse meno, na O na U zinataka midomo isogee mbele. Sanamu yenye taya pekee haiwezi, kwa hiyo mpe walau kifaa kimoja cha kuvuta na kusukuma pembe za mdomo.

Lugha isiyo ya Kiingereza si jambo geni katika vivutio hivi. Kule York, Uingereza, sanamu za Jorvik Viking Centre husema Kinorse cha kale, lugha ya Waviking.

SWALI: Mashine inakarabatiwa, sawa. Historia yenyewe je? Nani anaamua rais aseme nini? – Mwalimu wa historia, Arusha

Ukumbi huu umewahi kukosolewa na mtaalamu, na ukabadilika. Eric Foner, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Columbia, alilalamikia jinsi onyesho lilivyosimulia historia ya Marekani. Akaombwa asaidie kuandika upya maandishi, na toleo la 1993, lililosimuliwa na Maya Angelou, likauweka utumwa mahali pake katika hadithi. Mwaka 2009 msimulizi akawa Morgan Freeman. Tazameni gharama: kubadilisha sauti ya msimulizi na filamu hakuhitaji kugusa hata bolti moja. Kubadilisha neno moja la Lincoln kunahitaji kupanga upya mdomo, na kama msemaji wa awali hayupo tena duniani, sauti haitalingana. Kwa hiyo anayeandika maandishi mapya afahamu tangu mwanzo maneno gani yanatoka kwenye spika za ukumbi na yapi yanatoka kinywani mwa sanamu. Hoja zinazoweza kubadilika zipewe msimulizi.

Kuna jambo la pili, ambalo wenye vivutio hawapendi kulisikia: kinachozeeka haraka ni sehemu ya kisasa. Spaceship Earth, safari ya historia ya mawasiliano ndani ya tufe la EPCOT, bustani jirani ya Magic Kingdom, ilifunguliwa 1982. Wasimulizi wamebadilika, Walter Cronkite mwaka 1986, Jeremy Irons 1994, Judi Dench 2008. Mandhari ya Wamisri na mafunjo yao na ya Gutenberg na mtambo wake wa kuchapa bado yapo. Kilichong'olewa na kujengwa upya kila mara ni mwisho, ule wa kompyuta na siku zijazo. Mwenye fedha kidogo asijenge wakati ujao kwa chuma na saruji. Auweke kwenye skrini.

Jorvik wenyewe walilazimika. Kituo kilifunguliwa 1984 mahali pa machimbo ya akiolojia ya Coppergate, kikafurika maji ya mto Foss Desemba 2015 na kufunguliwa tena Aprili 2017 kikiwa na sanamu mpya 22. Ukilazimika kubomoa, ndio wakati wa kuingiza matokeo ya utafiti wa miaka yote uliyokuwa ukiyaahirisha: mavazi, sura, harufu, mpangilio wa mitaa.

SWALI: Tuko chuo cha ufundi, tunataka kutengeneza kichwa kimoja kinachosema. Tuanze na vifaa gani? – Wanafunzi, Kisumu

Mota-sevo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoambiwa na kusimama hapo) saba zinatosha: taya moja, macho mbili (kushoto-kulia na juu-chini), kope moja, shingo tatu. Za taya na shingo ziwe na gia za chuma. Za plastiki zitakatika meno ndani ya wiki. Ziongozwe na Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu, pamoja na bodi ya kuongoza sevo ya PCA9685, yenye chaneli 16. Mapigo ni 50 kwa sekunde, upana kati ya mikrosekunde 1000 na 2000, lakini pimeni mwisho halisi wa kila sevo kabla ya kuifunga kwenye fuvu, kwa sababu sevo inayosukuma ukuta inaungua kimyakimya.

Umeme wa sevo usitoke kwenye Arduino. Sevo moja ikikwama inaweza kuvuta ampia 2 au zaidi. Saba ni ampia 14. Tafuteni chanzo cha volti 5 hadi 6 chenye uwezo huo na unganisheni hasi zote pamoja. Mkisahau hasi, kichwa kitatetemeka kama chenye homa na mtailaumu programu bure.

Ngozi iwe silikoni laini, unene wa milimita 3 hadi 5, nyembamba zaidi kwenye kope. Hapa wengi hupoteza fedha: silikoni ya platinamu haikauki ikigusana na salfa. Udongo wa kufinyangia wenye salfa, glavu za mpira wa asili, hata mabaki ya mpira ndani ya mwiko, vyote vinaiacha inanata milele. Nunueni udongo usio na salfa, vaeni glavu za nitrili, na jaribuni kipande cha ukubwa wa sarafu kabla ya kumwaga kilo nzima. Pembe za mdomo ndizo hupasuka kwanza. Lazeni humo kitambaa cha wavu kinachovutika wakati wa kumwaga. Msigundishe ngozi yote kwenye fuvu. Igundisheni kwenye paji, kwenye bamba la taya na nyuma ya masikio, kwingine iteleze. Na kumbukeni kwamba silikoni hushikwa na gundi ya silikoni tu.

Macho yafanyeni kwanza, mkiweza. Kichwa chenye macho yanayotembea vizuri na mdomo hafifu kinaaminika kuliko kinyume chake.

SWALI: Ni kweli Lincoln ameondolewa Disneyland akawekwa Walt Disney? – Msomaji, Minneapolis, Marekani

Jumba ni lilelile, la opera kwenye Main Street, ambako Lincoln aliingia Julai 1965. Tarehe 17 Julai 2025, bustani ilipotimiza miaka 70, lilifunguliwa onyesho jipya lenye sanamu ya Walt Disney, mwanzilishi wa bustani hiyo. Mpango uliotangazwa ni wawili hao kupokezana jukwaa, Lincoln asifutwe.

SWALI: Sanamu moja ikiharibika onyesho likiendelea, wanafanyaje? – Msomaji, Bujumbura

Inategemea ni ipi. Mmoja wa wale wanaoitikia kwa kichwa akigoma, opereta anamzima na onyesho linaendelea, wachache watagundua. Anayehutubia akigoma, pazia linashuka na tangazo linasomwa. Kwa hiyo kila sanamu inahitaji mkao wa kupumzika usiotia aibu: ikipoteza nguvu, kidevu kishuke kidogo na mikono irudi mapajani. Springi za kuirudisha huko ni rahisi kuliko kila kitu tulichotaja humu.

Jiulizeni pia imefanya kazi kiasi gani kabla ya kuharibika. Chukulieni maonyesho 20 kwa siku na mkono unaoinuka mara 15 kila onyesho: ni mara 300 kwa siku, karibu 110,000 kwa mwaka. Nyaya hukatika zinapopindia, kwenye kiwiko na chini ya shingo, kwa hiyo hubadilishwa kwa hesabu ya miendo, kabla hazijakatika.

Fundi akienda nyuma ya pazia kwenye mfumo wa mafuta, kuzima pampu hakutoshi. Tangi la akiba bado limeshika shinikizo, na mkono unaweza kuruka dakika kumi baadaye. Afungue vali ya kutolea, aone geji imesoma sifuri, afunge swichi kwa kufuli lake mwenyewe. Uvujaji wa tundu dogo autafute kwa kipande cha kadibodi, asipapase kwa kiganja: mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo na anayekipuuza anaweza kupoteza kidole. Aende hospitali saa hiyohiyo, na amwambie daktari kwamba ni mafuta ya haidroliki.